Pumzi Juu ya Pamba

Sura nzuri sikupewa, lakini masikio nilipewa. Nasema hivyo bila aibu kwa sababu umri wangu sasa unaniruhusu, na kwa sababu masikio hayo ndiyo yaliyoniponza katika habari hii. Baba yangu alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani katika mtaa wetu wa Waislamu pale Kasongo, enzi za Wabelgiji. Babu zake walifika na misafara kutoka pwani, wakakaa, wakaoa Wazimba, wenyeji wa hapo, na mama yangu alikuwa mmoja wa Wazimba hao. Mume aliponiacha nilirudi nyumbani nikiwa na sanduku moja na hasira nyingi. Baba hakuniuliza kitu. Alinipa watoto wa kike kumi na wawili niwasomeshe uani, karibu na jiko, na hasira zikapata kazi ya kufanya.

Katika chuo cha baba mtu hakusoma peke yake. Kila msomaji aliwekewa msikilizaji, wakakaa magoti kwa magoti. Msomaji akikosea herufi, msikilizaji alipiga mkeka kwa kiganja. Akisoma sawasawa, msikilizaji alipaswa kutamka kwa sauti, "Swadakta," yaani umesema kweli, na bila neno hilo msomaji hakusogea mbele. Basi palikuwa na wasikilizaji wachoyo. Mtu amesoma vizuri, mwenzake anatazama kuku wanaopita, kimya, na yule maskini anarudia na kurudia mpaka adhuhuri. Baba aliuchukia uchoyo huo kuliko makosa yenyewe. Alisema ni wizi, ni kumnyima mtu haki ya kinywa chake. Katika miaka yangu yote ya kusoma nilichapwa mara moja tu, na ilikuwa kwa kosa hilo.

Alasiri moja Mhindi mwenye duka karibu na soko alikuja kumwona baba. Alikaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu anayetaka kuomba kitu asichokizoea. Alisema mke wake amepata mwanafunzi. Kule upande wa Kabambare kulikuwa na misheni ya Waingereza, na muuguzi wao, mwanamke mzungu asiyeolewa ambaye sote tulimwita Mamzele, alikuwa anahamishiwa hospitali moja ya Uhindini. Alitaka kujifunza Kihindi kabla ya kuondoka. Angekuja kila Jumamosi na kamio, yaani lori, ya misheni iliyokuja kununua chumvi na mafuta ya taa. Mhindi hakuwa na neno na hilo, ila alihofu Mamzele atamhubiria mkewe. Kwa hiyo aliomba mwanamke wa Kiislamu akae kati yao. Nadhani aliona Mwislamu na Mprotestanti wakiwekwa chumba kimoja watalindana wenyewe, na yeye ataweza kwenda zake. Baba alicheka alipoondoka, lakini alinituma.

Mke wa Mhindi nilikuwa namjua kwa kumwona tu dirishani. Alikuwa na umri kama wangu, thelathini hivi, mwembamba, mwenye macho yanayokufuata mpaka ugeuke. Alikuwa Kasongo miaka tisa. Alikuwa hajajaliwa watoto. Wahindi wengine wa huku na Uvira walizungumza Kigujarati, yeye na mumewe walitoka kaskazini mwa nchi yao na lugha yao ilikuwa nyingine, hivyo mume akisafiri hakubaki na mtu wa kusema naye lugha aliyozaliwa nayo. Na mume alisafiri sana. Alipeleka vitambaa na chumvi Kabambare na kwenye kambi za dhahabu za Salamabila, akarudi amechoka, akalala.

Jumamosi ya kwanza, kabla Mamzele hajafika, aliniambia kwa nini amekubali kufundisha. Mama yake mzazi alikuwa hai, mzee, macho yamekwisha. Barua zilisomwa na mke wa kaka yake, na huyo mke wa kaka, alisema, alisoma anachotaka na kuruka asichotaka. Miaka tisa mama alikuwa hajasikia neno lake hata moja ambalo halijapita kwenye kinywa cha yule mwanamke. Sasa Mamzele alikuwa anakwenda mji uleule, hospitali mitaa miwili kutoka nyumbani kwao. Angeweza kuingia, kukaa mbele ya mama, na kumwambia kwa mdomo. Kwa hiyo hakutaka kumfundisha Mamzele lugha nzima. Alitaka kumfundisha sentensi tatu. Mengine yote yalikuwa ya kumridhisha Mamzele.

Sentensi zenyewe bado ninazo. Ya kwanza ilisema: Mama, niko salama. Ya pili: uwe unakula chakula. Ya tatu, kwa Kihindi chao, ilikuwa *Meri rah mat dekh*, yaani usiitazame njia yangu. Kwao kumngoja mtu ni kuitazama njia yake. Nilimuuliza kama kweli anataka kumwambia mama yake hivyo. Akanijibu kwamba mama anakaa mlangoni kila jioni tangu aondoke, kipofu mzima, ameuelekeza uso barabarani, na majirani wanamcheka. Alitaka aingie ndani apumzike.

Mamzele alikuja na daftari na penseli tatu zilizochongwa. Alikuwa mrefu, mwenye madoadoa usoni, mcheshi, na Kiswahili chake kilikuwa cha Kabambare kabisa. Tulikaa kwenye mkeka sisi watatu, na lugha ya kati yetu ilikuwa Kiswahili, kila mmoja na chake.

Ile saa ya kwanza nusura watoane machozi. Sentensi ya pili, ile ya chakula, ni *khana khaya kar*. Ina ke tatu. Mbili za kwanza hutoka na pumzi, kama mtu anayepuliza moto kidogo. Ya tatu haina pumzi, imekauka. Kwa mke wa Mhindi hizo ni herufi mbili mbali kabisa, kila moja na alama yake katika maandishi yao, na ukibadilisha moja kwa nyingine umesema neno lingine. Mamzele alizisema zote tatu kwa pumzi. Akaambiwa hapana. Akazisema tena vilevile, kwa bidii zaidi, na pumzi ikaongezeka. Mke wa Mhindi akasema ya kwake, Mamzele akasema ya kwake, na Mamzele akaapa kwamba amesema kitu kilekile. Uso wake ulikuwa mwekundu. Hakuwa anadanganya. Hakusikia.

Mimi nilikuwa nimekuja kukaa tu, lakini masikio hayana adabu. Nilisikia tofauti mara ya kwanza, na nilijua kwa nini. Bibi yangu, mama wa baba, ambaye wazee wake walikuwa watu wa pwani khasa, alitofautisha paa la nyumba na paa wa porini kwa pumzi kidogo tu mwanzoni. Paa wa porini alimpulizia. Sisi wajukuu tuliozaliwa Kasongo tulisema yote sawa, naye alitucheka, akasema tunalala chini ya mnyama. Alipokufa, ile pumzi ilikufa naye katika nyumba yetu. Sikuwahi kudhani nitaikuta tena kwa Mhindi.

Nilimwomba mke wa Mhindi pamba. Pamba kwetu haikukosekana, kila mkulima alilazimishwa kuilima na serikali, na nyuzi zake zilijaa hata kwenye nyusi za watu. Nikachambua kipande chepesi, nikakiweka juu ya mgongo wa mkono wangu, nikausogeza mbele ya midomo ya Mamzele. Nikamwambia aache Kihindi, aseme maneno ya kwao. Akasema neno lao la paka, ambalo linaanza kwa ke. Pamba ikaruka. Akasema neno lao la shule, ambalo linaanza kwa se na ke inafuata. Pamba haikutikisika. Akarudia, paka, shule, paka, shule. Pamba iliruka kwa paka na kulala kwa shule. Tukajaribu pe: neno lao la kalamu liliirusha, neno lao la kijiko, lenye se mbele, liliiacha imelala.

Mamzele alikaa akiitazama ile pamba muda mrefu. Alisema ameyasema maneno hayo maisha yake yote na hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba ana ke mbili. Nikaona jambo ambalo sijaacha kulifikiria hadi leo. Alikuwa nazo zote mbili kinywani. Ulimi wake ulizigawa bila kukosea hata mara moja, hii mwanzo wa neno, hii nyuma ya se, kama mikono inayojua njia ya kwenda mdomoni gizani. Ila kwa sababu lugha yake haikuwahi kuzitumia kutenganisha neno na neno, sikio lake lilizihesabu kuwa moja. Mke wa Mhindi alikuwa na sauti zilezile mbili, wala hakuwa na ulimi bora. Tofauti ilikuwa kwamba mama yake alimfundisha kuzijali.

Basi nikampa Mamzele hila. Nikamwambia aseme *kar* kana kwamba anataka kusema neno la shule, aanze na ile se moyoni, kisha aimeze kabla haijatoka. Akafanya. Pamba ikalala. Mke wa Mhindi akapiga mkeka kwa furaha, na nikalazimika kumweleza kwamba kwetu kupiga mkeka ni dalili ya kosa. Tulicheka sana siku ile.

Mengine yalichukua wiki nyingi. Katika sentensi ya tatu kuna te ya *mat*, ambayo ulimi unagusa mzizi wa meno. Kihindi kina te nyingine, ya ulimi uliokunjwa nyuma juu ya kaakaa. Ya Mamzele ilikaa katikati, si kwenye meno wala si kwenye kaakaa, na mke wa Mhindi kila mara aliisikia kuwa ile iliyokunjwa. Hapo niliazima mbinu ya baba. Baba aliwaonyesha watoto mahali pa kutokea kila herufi kwa kidole mdomoni mwake mwenyewe, meno mabovu na yote, bila haya. Nikafanya hivyo mbele ya mzungu. Akafanya na yeye. Mhindi mwenyewe aliingia akatukuta watatu tumefungua vinywa, vidole ndani, akatoka nje bila kuuliza.

Nisiseme Mamzele peke yake ndiye aliyekuwa kiziwi. Kwa shukrani alitaka kumfundisha mwalimu wake Kiingereza kidogo. Kwao mvinyo na mmea unaozaa zabibu vinatofautiana kwa sauti ya kwanza tu, ve na we. Mke wa Mhindi alisema hizo ni kitu kimoja. Alizisema zote mbili, nilimwona, mara meno juu ya mdomo, mara midomo imeviringika, kwa kadiri neno lilivyotaka, na hakujua kwamba anafanya hivyo. Alikasirika alipoambiwa. Alisema Waingereza wanapenda kugawa kitu ambacho Mungu amekiumba kizima. Mamzele akamwambia hayo ndiyo aliyoyafikiri yeye kuhusu zile ke. Na mimi nilinyamaza, maana mama yangu mzazi alisema le na re kwa jinsi ulimi ulivyopenda siku hiyo, na kwa miaka mingi nilimwona hajui, kumbe lugha yake haikuwa na haja nazo mbili. Niliona aibu kwa mara nilizomsahihisha mbele ya watu.

Zilipita Jumamosi kumi hivi. Mwanzoni mke wa Mhindi alikuwa mwalimu mwenye pupa. Alimhimiza Mamzele, alimpa vitafunio vya dengu alipopata, alimsogelea. Kisha kitu kikabadilika. Sentensi ya kwanza ilipita. Ya pili ikapita. Ya tatu ilibaki, na kila Mamzele alipoisema, mke wa Mhindi alitikisa kichwa akasema kwa upole, "Iko bado."

Kwa wiki mbili alikuwa sahihi. Ile *dekh* ya mwisho inataka pumzi iachiliwe mwishoni, na Mamzele aliibana. Wiki ya tatu aliiachilia. Nilikuwa nimeshika pamba, na pamba ilitikisika pale inapotakiwa kutikisika. Te ilikuwa kwenye meno. De ilikuwa kwenye meno. Nilimgeukia mke wa Mhindi nikingoja uso wake ufunguke.

Akasema iko bado.

Mamzele aliisema tena, na tena. Mara saba, zote sawasawa, na mara saba aliambiwa bado. Aliandika kitu kwenye daftari lake, akalifunga. Nilirudi nyumbani nimechemka. Nilijua ule uchoyo, nilikuwa nimeuona chuoni tangu utotoni, na sikutegemea kuukuta kwa mtu niliyeanza kumpenda.

Jumatatu nilikwenda dukani kwa kisingizio cha uzi. Nikamwambia wazi kwamba Mamzele ameisema sawa na yeye anajua. Hakukana. Aliendelea kuviringisha kitambaa kwenye ubao wake, taratibu, mpaka kikaisha. Kisha akaniambia:

"Dada, akisema mubaya, ile ni sauti ya muzungu tu. Akisema muzuri, ni mimi nimesema. Na mimi nikisema, mama ataingia ndani na atafunga mulango."

Nilikuwa nimekuja na maneno ya baba tayari mdomoni, wizi, haki ya kinywa, na yote yakaniishia. Alisema alipoyatunga yale maneno yalikuwa rahisi, kama kuandika kwenye barua ambayo yule mke wa kaka ataruka. Lakini wiki baada ya wiki ameyasikia yakija karibu, herufi moja moja, mpaka Jumamosi ile aliposikia sauti yake mwenyewe ikimwambia mama yake asingoje tena. Aliniomba ninyamaze. Nilimwahidi, na nilipomwahidi nilikuwa nimedhamiria kabisa.

Zilibaki Jumamosi mbili. Katika ya kwanza nilinyamaza. Katika ya pili Mamzele alifika na zawadi, mkasi mzuri wa chuma kwa kila mmoja wetu, na macho yaliyovimba. Alisema ameamua. Hatakwenda kwa yule mama. Mtu asiyeona hana kitu kingine zaidi ya masikio, alisema, na yeye hawezi kwenda kumwekea masikioni kitu kilichoharibika na kusema ndiyo mwanawe. Afadhali asiende. Akaomba msamaha kwa kupoteza muda wetu wote huo. Mke wa Mhindi alitazama mikono yake.

Kisha Mamzele akasema, basi aiseme mara ya mwisho, kwa ajili yake mwenyewe tu. Akaisema. Hakukuwa na pamba, hakukuwa na daftari. *Meri rah mat dekh.* Aliisema kama mtu anayeaga.

"Swadakta," nikasema.

Ningependa kuandika kwamba niliamua. Sikuamua. Mdomo wangu ulilelewa na baba kabla yangu mimi mwenyewe sijajijua, ulisikia kilichosemwa sawa ukakiita sawa. Mamzele alinigeukia, hakuelewa neno lile, akamtazama mwalimu wake. Mke wa Mhindi aliacha kutazama mikono yake. Alinitazama mimi, si Mamzele, na macho yale sitayasahau. Kisha akasema ndiyo, iko muzuri, sasa iko muzuri. Akainuka kwenda kuchemsha chai, na chai ile hatukuletewa.

Kamio iliondoka na Mamzele akilia kwa furaha na kunishika mikono. Mimi sikuitwa tena nyumbani kwa Mhindi. Nilipopita, dirisha lilifungwa. Nilimweleza baba yote, nikitumaini atasema nilitenda haki. Baba alinisikiliza mpaka mwisho, akasema nilisema kweli, na kwamba kweli nayo ina wenyewe. Hakufafanua, na nilimkasirikia siku kadhaa.

Zikapita mvua zote. Kiangazi kilipoanza, Mhindi mwenyewe alikuja kuniita. Ilikuwa imefika barua kutoka Uhindini, imeandikwa kwa Kiswahili, jina juu ya bahasha lilikuwa langu, na mke wake alikuwa ameikalia tangu asubuhi bila kumruhusu yeye aifungue. Nilipoingia nilimkuta mke kwenye mkeka, amekonda zaidi. Hakunisalimu kwa maneno. Alinipa bahasha na yule mkasi wake wa kuifungulia.

Mamzele aliandika kwamba alikwenda jioni ya tatu baada ya kufika. Alimkuta mama mlangoni kweli, uso barabarani. Aliketi mbele yake, akasema sentensi tatu. Mama aliinua mkono akamshika kidevu, akamwambia arudie. Akarudia. Akaambiwa arudie tena. Mara ngapi, Mamzele hakuhesabu. Yule mke wa kaka alitoka, akasikia, akarudi ndani. Majirani wakasimama. Kila alipofika kwenye njia isiyotazamwa, mama alimshika kidevu kwa nguvu zaidi, na mwishowe akacheka. Akampa jibu la kupeleka, na Mamzele aliliandika kwa herufi zetu, na nukta na alama ndogo pembeni kila mahali penye pumzi na kila mahali pa ulimi kwenye meno, ili nisipotee. Chini yake aliandika maana yake kwa Kiswahili, lakini mke wa Mhindi alinizuia nisisome ile maana. Aliniomba nimpe kama lilivyosemwa.

Nililisema polepole. Lilikuwa fupi. Mama alisema: sauti nimeisikia, maneno sikuyasikia.

Mke wa Mhindi alijifunika uso kwa upindo wa nguo yake na mabega yakaanza kutetemeka, na sikujua kama analia au anacheka, nadhani vyote. Mumewe alikuwa amesimama mlangoni. Yeye alielewa maneno ya Kihindi lakini hakuelewa kilichotokea, maana hakuwahi kuambiwa ni ujumbe gani ulikwenda. Mkewe alijifunua. Akamgeukia, na akamwambia kwa Kiswahili, lugha ambayo hawakuwahi kusemeshana, ili mimi niisikie na niwe shahidi:

"Mimi nataka kuenda kuona mama yangu. Miaka sita sijasema. Leo nasema."

Mume alikaa chini palepale mlangoni, juu ya gunia la chumvi. Miaka mitatu ya mwanzo mke alikuwa akiuliza lini watakwenda, naye alijibu mwaka ujao. Mwaka wa nne hakuulizwa. Aliniambia mimi, si mkewe, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nahukumu, kwamba alidhani amezoea. Alidhani kimya kile kilikuwa cha mtu aliyetulia. Alirudia neno hilo, alidhani, alidhani, na niliona machoni kwake kwamba hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyekuwa na shughuli.

Waliondoka kabla ya mvua kurudi. Kamio ya kwenda Kabambare na kuendelea hadi ziwani ilipakiwa asubuhi mbele ya duka, na nusu ya mtaa walikuja kutazama. Mke wa Mhindi alivaa viatu ambavyo sikuwahi kumwona navyo. Alinikumbatia mbele ya watu wote, akaniambia kwamba alinichukia miezi mingi, na kwamba sasa hanichukii, na kwamba atarudi. Nilijua kutokana na jinsi alivyolisema neno la mwisho, haraka na bila kunitazama, kwamba hata yeye hajui.

Nilitaka kumwambia nitamngoja. Neno lilikuwa tayari, nikalizuia, kwa sababu nilikwisha kuona mzigo ambao neno hilo linamtwika mtu anayesafiri. Nilimwambia aende salama, nikampa mkono apande. Kisha nikamngoja, miaka yote hii, bila kumwambia.